Mfuko Uliomwaga Shaba Njiani

Ipo siku moja ambayo haijawahi kunitoka akilini, mwanangu, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu hadi nyanya yako ananiuliza kama nimeanza kuzeeka vibaya. Nimeikumbuka tena asubuhi hii ulipoingia na huo mfuko wako mpya wa kwenda nao kazini kila siku, ukageuka huku na huku pale mlangoni ili tuuone. Unang'aa, sikatai. Lakini hukunionyesha ndani yake, wala hukuuinua nione kitako chake. Basi keti hapa karibu, chai yaja, nikusimulie habari za mfuko wangu wa kwanza.

Ilikuwa miaka ya thelathini, nami nilikuwa kijana wa kutembea kifua mbele. Kazi yangu ilikuwa kupamba vigoda vya wazee kwa waya wa shaba, kazi niliyofundishwa na mjomba wangu. Enzi hizo mwanamume akipanda daraja na kuingia baraza la wazee, alikuwa na kigoda chake cha miguu mitatu, na kila alikokwenda alikwenda nacho. Kigoda kilichopambwa vizuri kiliwafanya watu wasogee kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Fundi alikuwa anauzungusha waya mpaka uwe kiduara kidogo cha upana wa ukucha wa kidole gumba, anauachia mkia uliochongoka, kisha anaugonga ule mkia ndani ya mti. Kiduara kando ya kiduara, mpaka kigoda kizima kinawaka jua likikipiga.

Sasa, kulikuwa na Mzee Nzioka, mtu wa ng'ambo ya mto, upande wa kwenda Zombe. Alikuwa karibu kupandishwa daraja, akaja kwa mjomba kutaka kigoda chake kipambwe. Macho ya mjomba yalikuwa yameanza kufifia. Akanisukuma mbele, akasema, "Kazi hii ni ya Mutisya. Akiiharibu, mimi sikumfundisha." Akacheka, lakini nilimwelewa. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza bila yeye kusimama nyuma yangu. Ikitoka vizuri, wazee wangeniita hata kutoka kule mbali Nuu. Ikiharibika, ningerudi kuchunga mbuzi pamoja na wadogo zangu, nao walikuwa wananingojea kwa hamu.

Mzee Nzioka alitaka kazi ifanyiwe uani kwake, aitazame ikikua. Na kwetu vyombo vya fundi havilali kwa watu, hata kama watu wenyewe ni wema namna gani. Kwa hiyo kila asubuhi niliteremka na nyundo, koleo, patasi na vile viduara nilivyovizungusha nyumbani, nikavuka mchanga wa mto, nikapanda kilima. Jioni nilirudi navyo vyote. Mjomba alizoea kuvifunga kwenye kipande cha gunia. Mimi gunia niliona haya nalo.

Nikachukua beberu wangu, nikaenda sokoni Zombe. Pale palikuwa na Msomali mmoja mwenye duka la ngozi na vikorokoro, mtu mpole asiyependa kelele. Akanitolea mifuko miwili. Mmoja ulikuwa wa ngozi ya ng'ombe, mnene, mzito, unanuka zizi. Wa pili ulikuwa mweusi, laini, una kifungo cha kung'aa mbele, kama ule aliokuwa akitembea nao karani wa boma. Nilipoushika huo wa pili, yule Msomali akautazama mkono wangu, akaitazama nyundo iliyochungulia kwenye gunia.

Akasema, "Kijana, hii ni ya kubeba karatasi. Wewe iko na chuma."

Nikamwambia chuma ni changu na mabega ni yangu. Hakubishana nami, akampokea beberu. Njia nzima nilikuwa nafungua kile kifungo na kukifunga, nisikie tu kinavyolia. Nilikutana na watu wasionijua nikawasalimu kwa sauti ya karani.

Siku za kwanza kazi ilikwenda vizuri kabisa. Mzee Nzioka aliketi kivulini akinitazama, na mjukuu wake Mwikali alikuwa ananiletea uji. Alikuwa na tabia ya kusimama akitazama mikono yangu, nami nikawa nagonga polepole ili kazi isiishe upesi. Lakini baadaye nikaona jambo linaloniudhi. Viduara nilivyovizungusha nyumbani havikulingana kwa idadi na vile nilivyovikuta nikifungua mfuko uani. Vilipungua leo, vikapungua kesho. Na waya ulikuwa umekwisha Zombe nzima. Mwingine ungekuja na lori kutoka Kitui, na lori lile lilikuja lilipojisikia. Pombe ya asali ya sherehe ilikuwa tayari imetengenezwa, wageni wameitwa, na upande mmoja wa kigoda ulikuwa bado mtupu.

Nikaanza kuwatazama watu wa mji ule kwa jicho baya. Niliweka mfuko hapo ukutani nikienda kunywa maji. Nani alikuwa karibu nao? Nikamfikiria hata Mwikali, na jambo hilo lilinichoma. Mwisho nikamwendea Mzee Nzioka, nikazunguka zunguka kwa maneno, nikasema shaba yangu inapungua na sijui inakwenda wapi.

Yule mzee alinielewa kabla sijamaliza. Uso wake ulizima. "Mutisya," akasema taratibu, "katika mji huu mgeni hapotezi hata kijiti." Akanyanyuka, akaenda kukaa mahali pengine. Siku ile nilifanya kazi peke yangu pale uani, na uji ukaletwa na mtoto mdogo. Sijawahi kunywa uji mchungu kama ule.

Kesho yake nilipanda kilima kwa miguu mizito. Nilikuwa nimeazimia kumwambia mzee nimeshindwa, atafute fundi mwingine. Nikaketi, nikatafuta namna ya kuanza. Ndipo nikasikia wimbo. Wasichana wa kilima kizima walikuwa wanakuja kusaidia kusaga unga wa sherehe, wamebeba maji, wanaimba na kuchekana. Jua likawapiga kichwani, na masikio yao yakawaka.

Mwanangu, kila sikio lilikuwa na kiduara changu. Wengine walikuwa wamevitunga kwenye uzi shingoni. Mmoja alikuwa navyo kuzunguka kifundo cha mkono, safu nzima, kazi safi kuliko yangu. Mwikali alikuwa wa mwisho, na kwenye masikio yake palikuwa na viwili, vile nilivyovizungusha vizuri kuliko vyote.

Nikasimama. Mzee Nzioka naye akasimama. Mwikali akamwona babu yake anatazama masikio yake, akanitazama mimi, akaelewa kabla ya wenzake.

"Ni vyako?" akaniuliza. "Tunaviokota njiani, tukienda mtoni. Tulidhani kuna mtu anatupenda na anaona haya kusema."

Hapo ndipo mke wa mzee, Susu Kalondu, alipoingilia kati. Nilimwita Susu kama walivyomwita wote, yaani nyanya. Aliuchukua mfuko wangu ukutani, akafungua kile kifungo kinacholia, akatia mkono ndani hadi chini. Kidole chake kikatokea nje, kwenye kona ya kitako, kikaninyooshea na kunisalimia.

Aa, watu walicheka! Mzee Nzioka alishika fimbo yake kwa mikono miwili asianguke. Kitako cha mfuko ule kilikuwa karatasi ngumu iliyovalishwa kitambaa cha kupakwa rangi. Nyundo yangu ilikuwa imekila kidogo kidogo, na kila niliporuka jiwe, njia ikapewa kiduara. Nilikwenda mbele ya mzee nikamwomba radhi kwa neno nililolisema. Akanishika bega, akaniambia aliyeudhika jana ameondoka na kicheko.

Susu Kalondu alileta ungo, wasichana wakavua mapambo yao wakayaweka humo, wakinizomea kwa furaha. Nikagonga mpaka kazi ikaisha. Lakini Mwikali hakuvua. Alisema vile viwili vimeshazoea masikio yake. Basi kigoda kikabaki na nafasi mbili tupu pembeni, nami nikaogopa kumwonyesha mzee. Akaziona, akapitisha kidole juu yake, akamtazama mjukuu wake, akanitazama.

"Ziache hivyo," akasema. "Mahari yako umeshaanza kulipa, tena umelipia njiani."

Baada ya sherehe Susu aliniambia atanifumia kiondo, kikapu cha kamba za mkonge, lakini hakutaka hata kuanza kusokota kamba kabla sijamletea vyombo vyangu vyote. Akavipanga mbele yake, akavinyanyua kimoja kimoja, akauliza nyundo inalala upande gani na ninabebea bega lipi. Akaniuliza njia ina mawe wapi na mto nauvuka wakati gani. Alinirudisha Zombe kwa yule Msomali nikachukue kipande cha ile ngozi niliyoidharau, akakishona kitakoni. Ukanda hakuushona ubavuni. Aliupitisha chini ya kiondo chote, ukapanda upande wa pili, ili mzigo ukae juu ya ukanda na usining'inie kwenye uzi. Kilipokwisha alikijaza wimbi, akampa Mwikali ukanda upande mmoja na mimi upande mwingine, akatuimbia turukeruke. Tuliruka mpaka tukachoka. Haikuanguka hata punje, ingawa kusema kweli sikuwa natazama chini.

Kiondo kile ndicho kile pale msumarini. Ukanda umebadilishwa, ngozi ya chini imebadilishwa, mwili ni ule ule.

Basi mwanangu, unaanza kazi, utapanda na kushuka kila siku na vyombo vyako. Kabla hujamlipa mtu kwa ajili ya mfuko, weka ndani yake kila utakachobeba, kisha tembea nao, uruke, uketi, uinuke. Mtu asiyekuruhusu kuujaribu anajua kitu. Anza kutazama chini, halafu ndani, na kile kifungo kizuri ukitazame mwisho kabisa. Fuata ukanda kwa vidole ujue umeshikwa na nini. Chagua kitu ambacho fundi wa kwenu anaweza kukirekebisha kikichoka. Na kitu chako kikikupotea, chunguza kwanza mfuko wako mwenyewe kabla hujamtazama mtu kwa jicho baya. Hilo nakuomba kuliko yote.

Haya, chai hiyo, imefika. Mpokee nyanya yako birika, halafu umtazame masikioni. Umeviona? Miaka yote hii nimemwambia tuvirudishe kwenye kigoda cha babu yake, anasema nimpe kwanza nafasi ya kufikiri.

Nipe viganja vyako nivitemee mate ya baraka, kama tulivyotemewa sisi. Mungu aende nawe asubuhi, akurudishe jioni ukiwa mzima. Mabega yako yasichoke kabla ya kazi yako. Usichostahili kupoteza usikipoteze, na kile kitakachokuponyoka njiani, kiokotwe na mtu wa kuja nacho nyumbani.