Kipaji Kisicho na Cheti

Jumatatu iliyopita nilipanga foleni katika ofisi moja hapa Lushoto. Mbele yangu alisimama mzee wa kijiji cha Mgwashi, pua imepinda, masikio yamevimba kama maandazi. Alicheza raga ya kulipwa Ulaya kwa miaka mingi. Sasa analima karoti. Alikuja na barua ya kuomba kuwafundisha raga watoto wa shule, bure.

"Shikamoo mzee. Cheti cha ukocha unacho?" aliuliza afisa, macho kwenye simu.

"Marahaba. Sina, mwanangu. Nimecheza tu."

"Kucheza si kufundisha."

Mzee akatandaza mkono mezani. Vidole viwili vilikataa kunyooka. "Hivi vilivunjikia uwanjani."

Afisa akavitazama, akainua macho hadi usoni kwa mzee, akaruka kutoka kitini. "Kumbe ndiwe tuliyekuwa tukikuona kwenye televisheni! Tupige picha, mzee wangu!"

Akamkumbatia, akapiga picha tatu, akarudi kukaa na kumrudishia barua yake.

"Ukipata cheti, karibu tena."

Mzee akashukuru, akatoka akichechemea.

Jioni nikaikuta picha mtandaoni. Afisa ameandika: "Ofisi yetu inathamini vipaji." Kama kuthaminiwa ndiko huku, wenye vipaji wafiche nyuso zao.