Pedali ya Tatu

Juzi nilipita katika gereji moja ya Hewa Bora kumtafuta fundi wa breki, na kabla sijamwona mtu yeyote nilikutana na harufu. Vijana walikuwa wamefungua giaboksi ya teksi, na mafuta mekundu yaliyoungua yalikuwa yakichuruzika ndani ya beseni: harufu nzito, yenye utamu wa sukari iliyoshika chini ya sufuria na ukali wa nywele zilizopitiwa na moto. Nilisahau breki. Nilisimama pale, mwanamke mtu mzima mwenye mkoba na miwani, hata vijana wakaniuliza kama naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimerudi Élisabethville, kama mji wetu huu ulivyoitwa zamani, katika mwaka ambao baba yangu alipewa kazi ya kubadilisha giaboksi ya gari ambalo, katika mji mzima, ndilo pekee alilokuwa na uwezo wa kuliendesha.

Baba yangu, Ilunga, alikuja mjini akiwa kijana kutoka kaskazini mwa Katanga, kama walivyokuja wengi wa kwetu, kwa reli na kwa ajili ya reli. Huko huko kwenye reli ndiko alikoumia. Behewa lilisogea wakati asioutarajia, likambana goti la kushoto, na tangu siku hiyo mguu ule ukawa mkavu kama mpini wa jembe. Madaktari hawakuukata. Mama, alipokasirika, alisema afadhali wangeukata, maana mguu uliokatwa haugombei nafasi kitandani. Mimi nilizaliwa baadaye. Sikumjua baba asiye na fimbo.

Alipotoka hospitali alijifunza mota, kwa sababu mota ni kazi ambayo mtu aweza kuifanya ameketi. Akaajiriwa katika gereji ya Mzungu mmoja ambaye sote tulimwita Patron. Alifungua injini, akazifunga, akazisikiliza kwa sikio lililoinamishwa kama padri kwenye kiti cha maungamo. Lakini gari likishapona alilitoa mtu mwingine. Magari yote ya siku zile yalikuwa na pedali tatu, na ile ya kushoto, ya klachi, ilidai mguu ambao baba hakuwa nao. Katika gereji ile palikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna aliyeivunja: fundi aliyeifunga mota ndiye anayelitoa gari barabarani mara ya kwanza, mbele ya wenzake, kama mzazi anayemtoa mtoto nje. Baba peke yake ndiye aliyetolewa watoto wake na watu wengine.

Kisha Patron akanunua gari la Kiamerika, jeupe, fupi, lenye viti viwili na paa la turubai, gari la mashindano kwa sura yake. Giaboksi yake ilijibadilishia gia yenyewe. Ndani yake mlikuwa na pedali mbili tu, na zote mbili zilikuwa kazi ya mguu wa kulia.

Siku baba alipolitambua jambo hilo hakumwambia mtu. Aliingia ndani ya gari akiwa na kitambaa cha kufutia mkononi, kana kwamba anasafisha usukani, akafunga mlango, akaondoka. Alizunguka mtaa, akarudi na uso ambao, kwa maneno ya mama, haukuwa umeonekana tangu siku ya harusi yao. Patron alicheka, akamwachia. Tangu hapo baba ndiye aliyelipeleka kutiwa petroli, na ndiye aliyelizungusha Jumamosi alasiri likishaoshwa, ili upepo ulikaushe. Sijui kwa nini upepo wa kukaushia gari la Patron ulipatikana tu katika barabara iliyopita mbele ya nyumba zetu kule cité, mtaa wa Waafrika; Patron hakuuliza.

Sisi tulisimama kando ya njia, tumepakwa mafuta. Watu walimwona mtu kuanzia kifuani kwenda juu: kiwiko juu ya mlango, kofia imeinama kidogo, mkono mmoja tu kwenye usukani. Fimbo ilikuwa imelala nyuma ya kiti. Wageni wa mtaa, ambao hawakumjua, walimwona mtu mzima wa viungo kama watu wengine.

Mtu mmoja tu hakuacha kuitaja fimbo hiyo, naye ni Kalasa. Huyu alikuwa dereva wa gereji, mwenyeji wa vijiji vya upande wa Kinsevere, na kati ya watu wake na watu wa baba, Baluba, palikuwa na utani. Ninyi mnaonisoma mnaujua utani; lakini utani wa mtaani kwetu ulikuwa na ukali wake. Watani walizikana, walilishana wakati wa msiba, na siku nyingine zote walitukanana pasipo huruma; na kumhurumia mtani wako hadharani ilikuwa kumwambia kwamba hesabu yake na walio hai imekwisha. Mimi, mtoto niliyefundishwa katekisimu na masista, sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba kila nilipompelekea baba chakula cha mchana, mtu yule mrefu mwenye meno mapana alipaza sauti:

"Ilunga! Ukikufa, fimbo wataachia mutoto wako, lakini ile motoka nitaoa miye!"

Na baba, pasipo kuinua kichwa: "Weye ukufe mbele, mukula-panya. Ngozi yako tutazibia moteri, sababu iko munene, haiwezi pitisha mafuta."

Gereji nzima ilicheka. Mimi nililichukia jina la Kalasa kama watoto wengine wanavyolichukia jina la mbwa aliyewauma.

Patron alikuwa na marafiki, na marafiki wake walikuwa na ndimi. Katika klabu yao walimwambia kwamba gari linalojibadilishia gia ni gari la ajuza. Kwamba mwanamume hushika gia kwa mkono wake. Kwamba katika mbio zao za Jumapili atakuwa kichekesho. Hapo hapo ile giaboksi ikaanza kuchoka. Ilipanda joto kwenye barabara ya Jadotville, ikanuka ile harufu niliyokutana nayo juzi, ikateleza. Patron alipata upande wa Rhodesia gari la aina hiyo hiyo lililopinduka, lenye giaboksi ya kubadilishwa kwa mkono, akainunua pamoja na klachi na pedali zake. Vyote viliwekwa sakafuni mbele ya baba. Kwa nini mbele yake? Kwa sababu hakuna mwingine aliyelijua gari lile kama yeye. Sidhani Patron aliufikiria ule mguu hata kidogo. Katika maisha yangu nimewaogopa wabaya, lakini nimejifunza kuwaogopa zaidi watu wasiofikiri. Mbaya angalau hukutazama kabla ya kukupiga.

Nyumbani, mama alimwambia akatae.

"Sema uko mugonjwa."

"Mugonjwa wa nini? Mikono yangu iko mizima."

"Basi wape mwingine afanye."

"Mwingine ataiharibisha," baba alisema, akaendelea kula.

Nami nilimwona akiifanya kazi ile, kwa sababu likizo ya shule ya masista ilikuwa imefika na nilikaa pale kwenye gereji tangu chakula cha mchana hadi jioni, juu ya tairi bovu. Alilala chini ya gari juu ya gunia, mguu mkavu umetokeza nje kama kitu kilichosahauliwa na mtu mwingine. Aliishusha giaboksi ya zamani, akakuta kwamba mota iliyozaliwa kwa ajili ya giaboksi ile haikuwa na kishimo cha kupokea ncha ya ile mpya. Akachonga bushi, pete ya shaba ya kuipokea, kwenye mashine, akaipima, akaitupa, akachonga nyingine. Akaukata mhimili unaopeleka nguvu nyuma, akaufupisha. Akatoboa sakafu ili mkono wa gia upite. Nilipenda vumbi la shaba lililobaki kwenye nywele za mikono yake. Liling'aa kama la sanamu za kanisani. Sikuona huzuni yoyote. Niliona baba anatengeneza.

Kalasa aliona. Ndiyo maana ukali wake uliongezeka siku hadi siku, na ndiyo maana nilizidi kumchukia.

"Weye Muluba," alisema akiwa amechuchumaa karibu na ule mguu, "unajichimbia shimo, tena unapima kama itakuenea muzuri!"

"Nikimaliza nitakuzika mu ile shimo. Itabidi nikukunje."

"Weka kamba mu ile pedali, uvute na meno. Meno ya Baluba iko na nguvu, inazoea bukari baridi."

Watu walicheka; bukari, ugali wa kwetu, ukipoa huwa mgumu. Baba alitoka chini ya gari, akaketi, akautazama mkono wa gia, akaitazama pedali. Leo najua alichokuwa akikipima. Wenzo mdogo kando ya usukani, waya mmoja, springi moja, na klachi ingekanyagwa kwa mkono. Mtani alikuwa amemrushia ushauri wa kweli ndani ya tusi, kwa sababu tusi ndicho chombo pekee alichoruhusiwa kumpelekea kitu. Baba alitafakari hadi kicheko kikaisha chenyewe.

"Motoka haiko yangu," alisema, akarudi chini.

Nimewasikia watu wakiulaumu uaminifu wa namna hiyo, wakiuita utumwa. Siwezi kukubaliana nao moja kwa moja, wala siwezi kuwakana. Najua tu kwamba aliifunga pedali ya tatu kwa mikono yake, akaitia grisi, akaipima kwa kiganja mara nyingi hadi ikarudi laini, bila kukwaruza.

Jumamosi gari lilikuwa tayari. Patron alikuja na mmoja wa wale rafiki zake, wakasimama mlangoni na sigara. Mafundi walijipanga kama ilivyokuwa desturi. Patron, ambaye aliipenda desturi hiyo kwa kuwa ilimfanya ajione mwema, alinyoosha mkono: "Allez, Ilunga. Itoshe." Yaani, haya, litoe nje.

Baba angeweza kukataa. Aliiweka fimbo nyuma ya kiti, akaingia, akauinua mguu wake wa kushoto kwa mikono miwili, akauweka juu ya klachi, akafunga mlango. Mota ikawaka kwa sauti nzuri ajabu. Kisha nikamwona akiinama na kulisukuma goti kwa mkono wa kushoto, kwa uzito wote wa bega, huku wa kulia ukitafuta gia. Usukani haukuwa na mwenyewe. Gari liliruka mbele kama mbuzi, likazimika. Akawasha tena. Likaruka, likazimika. Rafiki wa Patron alicheka, akakohoa moshi. Baba akawasha tena, na jasho lilikuwa likimdondoka kwenye kidevu, na mguu uliteleza kutoka kwenye pedali, ukabaki umelala upande.

Sote tulimgeukia Kalasa. Hapo ndipo palipokuwa pahali pake. Nilijiziba masikio kabla hajafungua kinywa.

Lakini nilikiona kinywa chake, na hakikuwa na meno yale mapana. Alivua kofia. Nikaondoa vidole masikioni, nikamsikia akisema kwa sauti ya mtu aliye kanisani:

"Muzee Ilunga, pole. Shuka, baba. Nitaitosha miye."

Baba alimtazama. "Unaniita nani?"

Kalasa akasogea karibu na mlango wa gari.

"Nitukane," baba alisema. "Kalasa, ndugu yangu. Nitukane kama siku zote."

"Nashindwa, baba," akasema, akamfungulia mlango, akampa bega.

Kalasa akalitoa gari. Baba alisimama kando yangu, mkono wake kichwani pangu, mzito, unanuka grisi, ameinamisha sikio upande wa barabara. Gari lilipokuwa likipotea kuelekea Bel-Air, alikuwa bado akilifuata. "Unasikia?" aliniambia. "Ya pili imeingia." Baadaye kidogo: "Na ya tatu." Kisha hapakuwa na cha kusikia, naye akaendelea kusikiliza.

Nami nilikuwa na furaha. Ni lazima mlielewe hilo, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Nilitangulia nyumbani mbio, nikipita njia ya mkato ya kisimani, viatu mkononi, nikiwa na habari njema kuliko zote nilizowahi kumletea mama. Alikuwa uani akichekecha unga.

"Mama! Kalasa hakumutukana baba leo! Alivua kofia! Alimwita Muzee!"

Chekecheo likasimama. Unga uliokuwa hewani ulishuka taratibu juu ya mikono yake.

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote!"

"Na baba yako alikuwa wapi?"

"Mu motoka. Ilikataa kutembea."

Aliweka chekecheo chini, akaketi ardhini, yeye ambaye hakuketi kamwe kabla ya giza kuingia. "Ni nani alimutuma amuheshimu?" alisema, si kwangu. "Ni nani alimutuma?"

Kuanzia wiki ile mtaa mzima ukambadilikia. Walimpisha njia. Walimpa kiti kabla hajakitafuta. Vijana wa gereji walimwita Muzee, ingawa hakuwa na mvi, na kazi nzito zikaanza kuipita mikono yake, moja moja, kwa adabu. Nilikua nikiamini kwamba tulikuwa tumeheshimika. Hadi leo husikia watu wakifundisha kwamba heshima haimdhuru mtu, nami humwona mama ameketi uani katikati ya unga wake, akiomboleza mtu ambaye wakati huo huo alikuwa njiani, akirudi nyumbani kwa mguu.