Nilipokuwa Mpima Samaki Hai

Siku yangu ya kwanza kazini, Katibu wa chama chetu cha wavuvi wa ndoana aliniuliza kama naweza kusoma namba kwa sauti. Nikajibu naweza. "Sijasikia," akasema. Nikarudia. "Bado sijasikia, lakini mwandiko wako nimeuona, ni mzuri. Shika mizani."

Ilikuwa miaka ya tisini, kwenye mto unaopita chini ya Kithimani. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, na kuongea mbele ya watu kulinishinda. Mto nao ulikuwa unapona. Kwa miaka mingi maji yalikuja na povu na harufu, samaki wakafa. Uchafu ulipopungua, kambale na perege walirudi kidogo kidogo, na Afisa wa Samaki akapiga marufuku nyavu. Ndoana tu ndizo zilizoruhusiwa, na kila samaki alirudishwa majini akiwa hai.

Vijana huniuliza mashindano yalikuwaje. Asubuhi wavuvi ishirini waliokota vikaratasi vyenye namba za vituo. Kituo ni kigingi kilichopigwa ukingoni, na huwezi kuhama ukishapata chako. Firimbi ikilia, mishipi inakaa majini kwa muda wa saa nne. Ndoana zilibanwa kwa koleo ile ncha ndogo ya nyuma, zisimrarue samaki. Aliyenaswa aliwekwa ndani ya wavu mrefu uliozama mtoni mpaka nifike. Nilining'iniza gunia kwenye mizani, nikarudisha mshale kwenye sufuri ili gunia lisihesabiwe. Samaki wanaingia, naandika, wanarudi mtoni.

Msimu wa tatu, Afisa alitangaza kwamba jumla ya samaki wa siku ya mashindano ikifika kilo hamsini, atajua mto umepona na ataruhusu nyavu. Wenye nyavu walikuja wamezibeba mabegani. Mwenyekiti wetu alitaka sana kuwapa habari njema. Kila nilipopima aliniuliza, "Tumefika ngapi?"

Tulifika kilo hamsini na mbili. Watu wakapigiana makofi mgongoni. Mama Mwende, muuza samaki sokoni, akanipita akisema, "Niko na mafuta jikoni tangu asubuhi. Leo hata wewe cheka, hatutahesabu meno."

Nikashika gunia ili nilikunje. Lilikuwa linachuruzika maji. Hapo nikakumbuka kwamba asubuhi, niliporudisha mshale kwenye sufuri, lilikuwa kavu. Nikalining'iniza tena, tupu. Mshale ukasimama kwenye robo kilo. Kila mvuvi baada ya yule wa kwanza alikuwa amepimiwa maji pamoja na samaki wake.

Nilimnong'oneza Mwenyekiti. Yeye hakunong'ona. "Robo kilo? Kijana, mto mzima ni maji, wewe unalilia ya gunia? Funga daftari."

Waliosikia walicheka. Lakini nilijua nikilifunga, nyavu zingeingia jioni ile na kuzoa hata perege ambao hawajawahi kutaga. Nikaenda kwa Afisa. Maneno yalikataa kutoka, basi nikainua mizani mbele ya macho yake, gunia tupu likining'inia. Akautazama mshale, akanitazama mimi.

"Lilikuwa kavu asubuhi?"

"Ndiyo, mzee. Kosa ni langu."

"Na samaki tuwapime upya?"

"Wako mtoni."

Akachukua daftari, akaondoa robo kilo kwa watu kumi na tisa. Zikabaki arobaini na saba na robo. "Nyavu zirudi nyumbani," akasema.

"Kumbe huyu asiyeongea ndiye mbaya," Mama Mwende akasema. Katibu alikuja akanifundisha kulowesha gunia kwanza, kulikamua, ndipo nirudishe mshale. Mwenyekiti hakunisalimu msimu mzima, lakini mizani hakuninyang'anya.

Baadaye nilihamishiwa Kithyoko nikawa Mkuu wa Mizani, na huko ndiko nilikostaafu. Nimewafundisha wapimaji wengi. Mtu mwoga wa kuongea anaifaa kazi hii, mradi asiwe mwoga wa kuonyesha kosa lake.

Kabla sijahama, misimu miwili baada ya siku ile, jumla ilipita hamsini kwelikweli. Nilisoma namba, na nadhani nilisikika. Wenye nyavu hawakushangilia. Walisimama ukingoni, wakasubiri kwanza niwaonyeshe gunia tupu kwenye mizani.