Pazia la Daktari

Chumba cha daktari katika zahanati moja ya Garsen kina pazia badala ya mlango. Kwa hiyo sote benchini tulimsikia akimwambia mama mmoja wa kijiji cha Hewani, "Mtoto wako ana upungufu wa kinga mwilini."

Maneno hayo huku tunayajua kwa kifupi chake: UKIMWI. Waliokaa karibu na pazia wakasogea mbali.

"Mimi nimepimwa, sina," mama akasema.

"Si huo, mama. Huu kazaliwa nao, ni hitilafu ya jeni. Ng'ambo wanatoa chembe za uboho wake, wanazitia jeni nzima, kisha wanamrudishia."

"Wanaitiaje?"

"Inabebwa na kirusi. Ni kile kile cha UKIMWI, ila wamekifuga, hakiumi tena."

Mama akafunua pazia kidogo, akatutazama mmoja mmoja, akalirudisha.

"Na tiba hiyo huku itafika lini?"

"Sijui, mama."

"Basi habari ya kirusi ungeingoja ifike pamoja na tiba yenyewe," akanong'ona, lakini pazia ni pazia. "Mimi leo narudi Hewani na hawa wa benchini."

Ng'ambo wameweza kufuga kirusi. Sisi ulimi tu umetushinda.