Pasha Mikono Moto Kwanza

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, enzi zile soko lilipofunguliwa na kila kitu cha ng'ambo kikapanda mlima hadi Lushoto: mitumba, redio, na hatimaye mashine ya altrasaundi. Sisi madaktari wanafunzi tulishangilia. Mganga mkuu wetu hakushangilia. Alisema mashine hiyo itatupima sisi kwanza: utapapasa tumbo la mjamzito, utachora duara kwa kalamu pale unapodhani kichwa cha mtoto kipo, ndipo mashine iseme kama umepata.

Mwenzangu Hoza alinawa maji ya bomba, nawe unayajua maji ya Lushoto mwezi wa saba, akaiweka mikono yake ya barafu juu ya tumbo la mama mmoja wa Malindi, kijiji cha huku huku milimani. Tumbo likakakamaa. Hoza hakuhisi kitu, akabahatisha, akachora duara juu kabisa, karibu na mbavu.

"Mtoto ametanguliza matako," akatangaza.

Mama akaangua kilio. "Basi napasuliwa! Na wale wangu wa nyumbani watalelewa na nani?"

Mashine ikaonyesha kichwa kiko chini, kimetulia mahali pake. Mganga mkuu akafoka hadi sote tukanywea.

"Hukumpapasa mtoto, umepapasa baridi yako mwenyewe! Mtu mzima analia kwa sababu umeona uvivu kupasha mikono!"

Akatufukuzia jikoni, kila mmoja akakumbatia kikombe cha chai ya moto mpaka viganja vikapata joto, tukarudi kumwomba mama radhi. Tangu hapo duara zetu zikaanza kukubaliana na mashine.

Sasa wewe, mwanangu, daktari mwanafunzi kama nilivyokuwa mimi, unanichosha! Umemwacha mama wa Magamba kwenye benchi, mimba imetimia, umekuja kunywa chai yangu ukingoja umeme urudi. Umeme umekatika, na mikono yako imekatika? Mtegemea cha nduguye hufa maskini, sembuse anayetegemea nguzo ya umeme. Mashine ni msahihishaji tu, nawe unataka ikuandikie na majibu!

Sikia basi. Papasa kwanza, sema ulichohisi, mashine ikija ikusahihishe. Usipohisi kitu, sema hujahisi, umwite mwenzako. Kubahatisha ndiko kulikomliza mama wa Malindi. Mungu aibariki mikono yako, na kila mama utakayemgusa ajifungue salama.

Hicho kikombe ondoka nacho. Usinywe, kishike tu mpaka ufike pale kwenye benchi.