Saa Mbili ya Muleba

Asubuhi ile tulikuwa wanne katika ofisi ya kahawa ya Muleba: mkuu wangu, aliyenileta kwa gari kutoka Bukoba, mama karani wa pale, mlinzi aliyetufungulia mlango, na mimi, fundi wa kompyuta niliyeishia kidato cha pili ili wadogo zangu watatu wasome baada ya wazazi wetu kufariki.

Kwa wiki tatu, mipangilio mipya ya hesabu za kahawa niliyokuwa nikiituma kutoka Bukoba ilikataliwa na kompyuta ya mama yule. Mkuu alishaamua kwamba mama anaizuia makusudi, apate kuiba kahawa. Barua ya kumfukuza ilikuwa mfukoni mwake.

Nilifungua kasha la kompyuta. Uvundo wa mkojo wa panya ulinipiga usoni. Kinyesi cha mende na mabawa ya senene vilikuwa vimegandamana na vumbi, na chini yake ile betri ndogo inayotunza saa umeme ukizimwa ilikuwa imeota kutu. Nilitema mate dirishani.

"Mtu mzima unakaa na uchafu huu," mkuu alisema, leso puani.

"Niliomba fundi tangu mwaka juzi, bosi. Panya waliwahi."

Mlinzi alicheka, kisha akajikoholesha.

Niliwasha. Mama akaketi, akaweka tarehe, halafu akaandika 2:00, kama alivyofanya kila asubuhi, kwa kuwa ilikuwa saa mbili. Kwa kompyuta, hiyo ni saa nane usiku. Ile ya Bukoba ilisoma 8:00, na mashine hizi za zamani zikipishana saa kiasi hicho, moja haipokei chochote kutoka kwa nyingine.

Nikakumbuka nilivyomwelekeza mwenyewe kwa simu, kompyuta ilipomwuliza saa. "Saa ngapi huko, mama?" "Saa mbili." "Basi andika mbili."

"Nani alikufundisha hivyo?" mkuu aliuliza, akiionyesha ile 2:00 kwa kidole.

Mama alinitazama.

"Nimekosea mwenyewe," alisema.

Nilieleza habari za betri tu. Mkuu akaiacha barua ya kumfukuza mfukoni, akaandika nyingine, ya onyo. "Bibi mzima hajui kusoma saa," alisema, nami nikacheka naye. Kicheko kile kinanichefua hadi leo kuliko uvundo ule.

Nje, mama alinimiminia maji ya kunawa.

"Wadogo zako bado wanasoma?"

"Wanasoma, mama."

"Haya. Sugua vizuri, hiyo harufu haitoki upesi."

Nilibadilisha betri siku ileile, nikaiweka saa sawa, mipangilio ikapita. Nilishikilia kazi ile mpaka mdogo wetu wa mwisho akamaliza chuo, na sasa sina tena kisingizio. Mkuu yupo palepale, ofisi yake iko hatua chache kutoka mezani kwangu. Barua ya onyo bado imo katika faili la mama yule, na sijaenda kusema kwamba aliyepaswa kuandikiwa ni mimi.