Mkia wa Mraba wa Sindano ya Khalif

Abti Hared ana mashine ya kukereza vyuma nyuma ya jiko la mkewe, pale Galbet, chini ya mabati manne ambayo mbuzi wameshaamua ni yao. Ni ndugu wa mama yangu, kwa hiyo namwita abti, na kwa desturi yetu yeye hunirudishia neno lilelile. Tofauti ni kwamba mimi nikilisema nina heshima, na yeye akilisema mara nyingi ana maana kwamba niondoke kwenye mwanga.

Kazi alijifunza kwenye kambi ya wajenzi wa barabara. Kambi ilipofungwa, wenzake walirudi makwao na magodoro na masufuria. Yeye alirudi na mashine hiyo ndogo, ameifunika mikeka kama anayeleta bibi harusi, na Sharifo, mkewe, ambaye namwita eddo, yaani shangazi, akamuuliza mgeni huyo atalala wapi. Ndipo yakajengwa mabati.

Anachokipenda kuliko vyote humo ni koleti zake. Mashine nyingi hushika chuma kwa chaki, yaani ule mdomo wa meno matatu. Hared huiita fisi: inashika barabara, lakini chochote laini kitatoka na alama. Koleti ni kikombe kidogo cha chuma kilichochanwachanwa pembeni. Unapenyeza kijiti chako katikati, unakaza nati, nacho kinakikumbatia pande zote kwa nguvu moja. Kisha ana bloki, kipande cha chuma cha pande nne kinachobeba koleti tumboni. Funga bloki kwenye vaisi, ile taya ya chuma ya kubana, kata, igeuze upande wa pili, kata, hadi pande nne ziishe, na kijiti cha duara kinapata mkia wa mraba bila mtu kupima pembe yoyote. Mimi nilifundishwa haya chuoni, kabla ya mimi na diploma kuachana kwa amani. Koleti zenyewe zilikaa ndani ya kabati la kioo, na mwenye ufunguo alikuwa likizo mihula yote mitatu.

Pande za bloki Hared hakuziandika namba. Amezichonga chapa za ngamia: ya babake, ya babu yake, ya mjomba wake, na ya nne ni ya mkwewe, ili nyumbani kuwe na amani.

Jumatatu moja, saa tatu asubuhi, akaja Khalif, mhudumu wa mifugo, akiwa amekumbatia boksi la barafu kama mtoto mgonjwa. Ndani mlikuwa na chanjo ya sambab, ule ugonjwa wa mapafu unaomaliza mbuzi zizi zima. Mbuzi wa mama yake, Anab, walikuwa Griftu, mia moja na sitini, na zizi la jirani lilikuwa limeshaanza kukohoa. Lori la kwenda huko lingeondoka baada ya swala ya alasiri. Ila sindano yake, ile ya chuma inayochoma mbuzi hamsini bila kupumzika, ilikuwa imevunjika kile kijiti cha shaba kinachosukuma dawa. Madukani zilikuwa zimekwisha, na za Nairobi zingefika Alhamisi. Nikamwambia atumie sindano za hospitali. Akanieleza polepole, kama anayeongea na mbuzi, kwamba dawa hiyo ikishachanganywa haisubiri. Ukichoma mmoja mmoja, nusu ya zizi utakuwa unalichoma maji.

Hared alikipima kijiti kilichovunjika, akaingia kwenye debe lake la mabaki, akatoka na kijiti cha shaba kutoka kwenye bomba la zamani. Kilikuwa kimoja tu. Akakikereza, akakisugua kwa msasa hadi kikang'aa, maana pale ndipo mpira wa sindano hupita, na mkwaruzo mmoja ungevujisha dawa. Ukabaki mkia, ambao lazima uwe wa mraba ili uingie kwenye mpini. Akakiweka ndani ya koleti, koleti ndani ya bloki, akakaza. Akakata upande wa chapa ya babake, kisha wa babu. Adhana ya adhuhuri ikatoka. Hared akazima mashine, akaosha mikono, akatuambia tusiguse kitu, akaenda.

Sasa, Khalif ni mtu wa mnada. Sokoni, mwenye mnyama akigeuka tu, mnunuzi anamfungua mnyama mdomo kuhesabu meno. Si wizi, ni akili. Khalif alikizunguka kile kijiti mara mbili. Akasema angependa kujua tu kama kitaingia kwenye mpini, kwa sababu kama hakiingii ni bora ajue mapema. Hoja ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba mimi, mtu wa mihula mitatu, nilimshikia bloki naye akafungua nati kwa spana yake. Kijiti kikatoka. Tukakijaribu, hakikuingia, kwani kilikuwa na pande mbili. Tukakirudisha, tukakaza, tukaketi kama watu wanaomngoja shemeji.

Hared alirudi, akaiinua bloki, akaitazama kwa mbali kisha kwa karibu.

"Nani amemtazama meno?" akauliza.

Khalif akakiri. Mimi nikakiri nusu, kama kawaida yangu ya kumaliza mambo. Hared hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotutia hofu. Alitueleza kwamba kijiti kikiwa ndani ya koleti, pande zake na pande za bloki zinatazama mahali pamoja. Kikitoka, kinasahau. Akiendelea kukata hivyo, mkia utakuwa umepinda, na kijiti kingine hana. Khalif akafunua boksi, akagusa barafu, akafunika. Vipande vilikuwa vimeanza kuelea.

"Mama yangu ana hao mbuzi tu, adeer," akasema, kwa neno tunalomwitia mzee wa heshima. "Hana kingine."

Hared akamwomba Sharifo ampe kile kioo cha meza ya sebuleni. Sharifo akakileta mwenyewe na kukaa karibu nacho, kwa usalama wa kioo. Hared akalaza bloki juu ya kioo, akalegeza nati kidogo, akasimamisha skwea, kile kipimo cha pembe mraba, kando yake, ubavu wa chuma ukigusa ule upande uliokwisha kukatwa. Kati ya skwea na shaba kulikuwa na uzi wa mwanga. Akakizungusha kijiti kwa kucha hadi uzi ukapotea. Akakaza nati. Uzi ukarudi.

Mara ya pili ukarudi. Mara ya tatu akakizungusha kupita kidogo, kusudi, ili nati ikikaza ikivute mahali pake. Akakaza. Akainama hadi shavu likagusa kioo. Akamwita Sharifo naye atazame, kwa kuwa macho yake ndiyo mazuri nyumba ile.

"Sioni kitu," Sharifo akasema.

"Basi iko sawa."

Akakata upande wa mjomba, kisha wa mkwe, na huo wa mwisho aliukata kwa heshima zote. Alipokitoa na kukisukuma kwenye mpini, kiliingia kwa mlio mdogo, kikatulia. Khalif akavuta maji ndani ya sindano, akabonyeza. Maji yalinipata kifuani, mstari mmoja ulionyooka, na nyuma ya sindano hapakutoka tone. Sijawahi kufurahi hivyo kuloweshwa. Khalif aliketi chini kwenye vumbi la shaba na kurudia alhamdulillahi mpaka Sharifo akamkumbusha kwamba lori halina subira ya dawa wala ya watu.

Keshoye mchana simu ikalia. Hared akaiweka sauti ya juu. Mbuzi wote mia na sitini walikuwa wamechomwa kabla barafu haijaisha, na Anab alikuwa pale anawaombea dua ndefu fundi, mkewe na hata mashine. Hared akaitikia amina zote kwa utaratibu, kisha akauliza kama inavuja.

"Haivuji, adeer."

Akashusha pumzi, ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu jana.

Siku hizi akienda kuswali hubeba spana ya koleti mfukoni. Akisujudu inagonga sakafu ya msikiti, na safu nzima inajua kuna kazi ya mtu imefungwa huko Galbet.